Sura ya Nne: Mpaka Boda

Alfajiri moja ya msimu wa kahawa, katika kata ya Ruanda wilayani Mbozi, mkoani Songwe, nilikuwa nimekaa kwenye benchi la kijiwe cha bodaboda nikingoja jua. Ukungu ulikuwa haujaondoka juu ya mibuni na migomba. Vijana watano waliokuwapo walikuwa wamejikunyata ndani ya makoti mazito, na mmoja wao alikuwa akifuta umande kwenye kiti cha pikipiki yake kwa kipande cha kanga kuukuu. Akatokea mama wa makamo, furushi kichwani, kandambili miguuni, mwendo wa mtu mwenye safari.

"Boda, zamu ya nani?" aliuliza.

"Yangu. Shikamoo mama. Unaelekea wapi?"

"Marahaba mwanangu. Nishushe kwenye magari ya Tunduma. Leo nakwenda mpaka boda."

Kijana akalipokea furushi, akalilaza juu ya tenki mbele yake, mama akapanda nyuma, wakapotea ndani ya ukungu. Mimi nikabaki pale na kauli yake kichwani, nikiirudia kama mtu anayehesabu punje.

Katika maneno hayo machache mama alitaja mpaka mara tatu. Alipomwita kijana boda, alimwita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Aliposema mpaka, alitumia neno letu wenyewe, lile ambalo kwa wakati mmoja ni mwisho wa nchi na mwisho wa safari. Aliposema boda mara ya pili, alikusudia geti la Tunduma, mahali Tanzania inapokwisha na Zambia inapoanza. Hakuna hata mmoja pale kijiweni aliyeona ajabu. Kijana alijua anaitwa yeye, alijua mama anaishia wapi, akawasha chombo.

Sura hii ni ya neno hilo. Nimeliweka mapema katika kitabu kwa sababu nalipenda, na kwa sababu historia yake inaonyesha wazi jinsi watu wasio na cheo wala kalamu wanavyotengeneza lugha. Waliolichora neno hili kwenye ramani walitaka lionyeshe mahali pa kusimama. Waliolitia kwenye baiskeli walitaka kuvuka. Leo hii, kutoka Kampala mpaka Ruanda, mtoto anayejifunza kusema analijua kwa maana ya hao wa pili.

Pindo la nguo, pindo la nchi

Kiingereza nacho kililiazima. Neno border liliingia Uingereza likitokea Kifaransa cha zamani, ambako walisema bordure, na Kifaransa kilikuwa kimelichota kwenye lugha za Kijerumani za kale, ambako mzizi wake ulitaja ukingo au ubavu wa chombo cha majini. Katika Kiingereza cha karne ya 14 lilitaja ukingo uliotiwa nakshi: ukanda unaozunguka nguo, au ukanda uliochorwa kuizunguka ngao ya mtu wa ukoo mkubwa. Wataalamu wa ngao za koo za Ulaya bado wanauita ukanda huo bordure hadi leo.

Baadaye neno likatoka kwenye nguo likashuka ardhini. Kati ya Uingereza na Scotland kulikuwa na eneo lililopiganiwa kwa karne nyingi, mifugo ikiibwa huku na kurudishwa kule, na watu wa pande zote mbili wakawa wanaliita eneo hilo kwa neno hili la pindo. Upande wa Scotland bado kuna wilaya yenye jina hilo rasmi, Scottish Borders. Kutoka hapo neno likapanda meli pamoja na maofisa, wapima ardhi na majeshi, likafika kwetu likiwa limevaa sare ya serikali.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kwenda Ulaya kulielewa neno hili lilivyoanza. Afungue kabati atoe kanga. Kanga ina mji, yaani uwanja wa katikati. Ina jina, yale maneno yanayosomwa. Na ina pindo, ule ukanda unaozunguka pande zote nne. Kitambaa kisicho na pindo kinaweza kuwa kizuri, lakini mama zetu hawatakiita kanga. Pindo ndilo linaloufanya mji uonekane mji.

Nasema hivyo kwa sababu watu wa Songwe wanaishi kwenye pindo la nchi. Mkoa wenyewe ulizaliwa mwaka 2016 ulipokatwa kutoka Mbeya, makao yake makuu yakawekwa Vwawa, na ni kawaida kumsikia mtu wa mjini akiutaja kama mahali pa kupita kwenda Zambia. Hata jina Ruanda humfanya msikilizaji aulize: Ruanda ipi? Ile nchi? Ile kata ya jijini Mbeya? Hapana, hii ya Mbozi, kwenye kahawa. Nataka tuanzie hapa pindoni, kwa sababu neno letu lilizaliwa kwenye pindo kama hili, upande wa pili wa Afrika Mashariki.

Baiskeli za Busia

Busia ni mji mmoja wenye nchi mbili. Kuna Busia ya Kenya na Busia ya Uganda, majina yaleyale, na kati yao mageti mawili. Mpaka huo ulihamishwa kwa uamuzi wa Waingereza wenyewe: mwaka 1902 jimbo la mashariki la Uganda lilitolewa Uganda likaunganishwa na himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Wasamia na Wateso walijikuta wako pande zote mbili bila kuhama nyumba.

Maelezo yanayokubalika zaidi kuhusu asili ya bodaboda yanatupeleka hapo, katika miaka ya 1960. Basi lilimfikisha abiria upande mmoja na kumshusha. Kuvuka na gari kulihitaji karatasi nyingi, kwa hiyo magari ya abiria yaliishia getini. Kati ya geti na geti kulikuwa na kipande cha barabara ambacho mwenye mzigo alikiona kirefu sana. Baiskeli haikudaiwa karatasi. Vijana wenye baiskeli nzito za chuma wakaweka mto wa sponji juu ya kerea ya nyuma, wakasimama mahali mabasi yanaposhushia watu, wakaanza kunadi safari yao kwa neno moja la Kiingereza ambalo kila msafiri alilijua kwa kuliona kwenye kibao: boda! boda!

Ndivyo wapiga debe wanavyofanya mpaka leo. Simama kituo cha magari Mlowo usikilize. Hakuna anayesema kwa utulivu, gari hili linakwenda Vwawa. Utasikia "Vwawa Vwawa Vwawa!" na "Tunduma Tunduma!" Jina la mwisho wa safari ndilo linalonadiwa, nalo hurudiwa ili lipenye kelele. Wale vijana wa Busia walikuwa wakitaja wanakokwenda. Abiria wakaanza kuwaita wao wenyewe kwa mwito wao, kama muuza maji anavyoitwa kwa kelele anayopiga. Baiskeli ikawa bodaboda, na mwendeshaji akawa bodaboda.

Muongo uliofuata uliipa kazi hiyo uzito mwingine. Uganda ilikuwa chini ya Idi Amin tangu 1971, uchumi ukaanguka, bidhaa za kawaida zikaadimika. Kisha Julai 1975 jalidi kali iliua mibuni mingi ya Brazili, na bei ya kahawa duniani ikapanda kwa kasi. Mkulima wa Uganda aliyelipwa kidogo na serikali yake aliona ng'ambo ya mpaka bei ya kumtoa machozi. Kahawa ikaanza kuvuka usiku kuingia Kenya, na soko la Chepkube, upande wa Bungoma, likapata jina ambalo wazee wa huko hawajalisahau. Ilivuka kichwani, ilivuka kwa punda, ilivuka kwa baiskeli. Wakati huo neno letu magendo lilizoeleka hata katika Kiingereza cha waandishi na wachumi walioandika habari za Uganda, wakaliacha lilivyo bila kulitafsiri.

Ninapokaa kwenye kijiwe cha Ruanda na kunusa kahawa inayoanikwa jirani, nawaza jinsi zao hili lilivyokuwa karibu na neno hili tangu utoto wake.

Kwa nini boda, na kwa nini mara mbili

Tulitazame neno lenyewe kwa karibu. Waingereza wengi hawaitamki herufi r inayokaa mwisho wa neno. Sikio la Kibantu, linalopenda kila silabi iishe kwa irabu, lilisikia boda na likaridhika. Hakukuwa na cha kurekebisha. Kwa njia hiyohiyo tulipata oda, namba, kaunta, dokta na kompyuta. Yote yalipoteza r ya mwisho kabla hayajatufikia, tukayaandika kama tulivyoyasikia.

Kurudia ni kazi yetu wenyewe. Kiswahili hurudia neno kinapotaka kuonyesha kitendo kinachofanyika tena na tena, huku na huku. Anayekata mara moja anakata. Anayekatakata ana kisu na ubao na kazi mbele yake. Anayeruka ameruka, anayerukaruka ni mtoto uwanjani. Pikipiki nayo tuliipa jina kwa mlio wa injini yake. Kwa hiyo mwito wa Busia ulipopita kwenye kinywa cha Mswahili ulikuta nyumba yake imekwisha kujengwa. Bodaboda kwa sikio letu ni kwenda mpakani na kurudi, na kwenda tena, kutwa nzima. Ndiyo kazi yenyewe.

Neno hili lina kaka yake wa Dar es Salaam, na kisa chake kinafaa kusimuliwa hapa kwa kuwa kinaonyesha mkono uleule. Mwaka 1983 serikali iliruhusu mabasi madogo ya watu binafsi kusaidia shirika la usafiri la UDA, ambalo lilikuwa limeelemewa. Nauli ilikuwa shilingi 5, na sarafu ya shilingi 5 watu waliiita dala. Makondakta wakapiga kelele dala! dala! na gari likapata jina la daladala.

Dala ilitoka wapi? Mitaani Uingereza, sarafu kubwa ya fedha ya shilingi 5 ilikuwa ikiitwa dollar, kwa sababu kwa muda mrefu dola moja ya Marekani ilikuwa karibu na thamani hiyo. Ilikuwa lugha ya mtaani, ya wachuuzi na wacheza kamari, benki haikuiandika. Na jina la dola lenyewe lilitokana na bonde moja la milimani liitwalo Joachimsthal, katika nchi ya leo ya Czechia, ambako karne ya 16 fedha ilichimbwa na kufuliwa sarafu zilizoitwa thaler. Mtu anayening'inia mlangoni mwa daladala Mbagala amebeba jina la bonde hilo bila kulijua, kama kijana wetu wa Ruanda alivyobeba pindo la ngao ya Ulaya.

Bara zima limefanya kazi kama hii. Nigeria pikipiki ya abiria iliitwa okada, kutokana na shirika la ndege la Okada Air: watu walioshindwa kupanda ndege walipanda pikipiki na kuipa jina la ndege. Benin wanasema zemidjan, maneno ya Kifon yanayomwambia dereva anichukue haraka. Cameroon wanasema bendskin, Kiingereza cha mtaani kinachochora mgongo wa abiria aliyeinama. Kila jina limetungwa na aliyekuwa anatafuta usafiri, na ukilifungua unamwona amekaaje na anakwenda wapi.

Mstari uliochorwa mbali

Turudi Songwe. Mpaka ambao mama yule alikuwa akiuendea ulichorwa kwanza kwenye karatasi tarehe 1 Julai 1890, Uingereza na Ujerumani zilipogawana maeneo yao ya Afrika Mashariki. Mkataba huo ulianzisha mstari kwenye mdomo wa mto Songwe, pale unapomwaga maji yake Ziwa Nyasa, ukaupeleka mpaka Ziwa Tanganyika. Waingereza walitaka ibaki kwao barabara iliyoitwa Stevenson, jina la mfanyabiashara wa Glasgow aliyekuwa na hisa katika kampuni ya biashara ya maziwa. Kwa ajili ya barabara hiyo, mstari ukapita pale ulipopita. Mwaka 1898 tume ya pamoja ilikuja kuupima ardhini na kusimika mawe, na mwaka 1901 makubaliano ya mwisho yakatiwa saini Berlin.

Wanyamwanga, wenyeji wa pande hizi, waliamka wakiwa na ndugu katika nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika na ndugu katika ile iliyokuja kuitwa Rodesia ya Kaskazini. Bado wako hivyo. Msiba ukitokea Nakonde, upande wa Zambia, kilio kinasikika Tunduma. Harusi ikifungwa Tunduma, matarumbeta yanasikika Nakonde, kwa kuwa miji hiyo imegusana kama mabega ya watu waliokaa benchi moja. Kiswahili chetu kinasema nchi zinapakana. Neno hilo linatoka nyumba moja na mpaka, na ndani yake kuna kugusana.

Kisha ikaja miundombinu mikubwa: bomba la mafuta la TAZAMA mwaka 1968, barabara kuu ya kwenda Zambia, na reli ya TAZARA iliyoanza kujengwa 1970 na kukabidhiwa 1976. Wakati serikali ya walowezi ya Ian Smith huko Rodesia ilipoibana Zambia kusini, njia ya kupumulia ya Zambia ilipita Tunduma. Leo malori yanayobeba shaba ya Zambia na Kongo kwenda bandari ya Dar es Salaam, na yanayorudi na mafuta na bidhaa, hupanga foleni ndefu hapa. Oktoba 2019 marais John Magufuli na Edgar Lungu walizindua kituo cha pamoja cha huduma za mpakani, ili msafiri akaguliwe mara moja tu badala ya mara mbili.

Hapa Tunduma neno letu lina maana zake mbili kwa wakati mmoja, na ndiyo sababu nimelifuatilia hadi hapa badala ya kuishia Busia. Dereva wa lori akimpigia mkewe simu na kusema "nimeshafika boda", ana maana ya geti. Utingo wake akisema "naita boda nikatafute chakula", ana maana ya pikipiki. Boda ya pili hupenya katikati ya malori yaliyosimama kungoja boda ya kwanza. Mei 2020, wakati wa Korona, Zambia ilipoufunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa, habari ilisambaa kwa maneno mawili: "Boda imefungwa." Siku hizo kila mtu alijua ni ipi iliyofungwa, maana boda nyingine zilikuwa zimeegeshwa kijiweni bila abiria.

Neno moja, ngeli mbili

Baiskeli zilibadilika kuwa pikipiki nchini Uganda kuanzia miaka ya 1990. Kwetu wimbi lilikuja katika miaka ya 2000, pikipiki za bei nafuu kutoka China zilipojaa madukani, na baadaye za kutoka India. Sehemu nyingine za nchi watu waliziita toyo, kwa jina la chapa. Lakini bodaboda ndilo lililoshinda. Mwaka 2010 zilitoka kanuni za leseni za kubeba abiria kwa pikipiki za magurudumu mawili na matatu, chini ya SUMATRA, mamlaka ya usafiri ya wakati huo. Tangu 2019 kazi hiyo iko mikononi mwa mamlaka mpya, LATRA. Sheria inasema pikipiki. Watu wanasema bodaboda, na mara nyingi boda tu.

Sarufi ilifanya jambo ambalo kila mzungumzaji analifanya bila kufundishwa. Sikiliza sentensi hizi mbili. "Bodaboda imeharibika." "Bodaboda ameharibikiwa." Ya kwanza ni chombo, ya pili ni mtu. "Bodaboda yangu iko wapi?" anauliza mwenye pikipiki. "Bodaboda wangu yuko wapi?" anauliza mama mwenye kijana anayemwamini, anayempelekea watoto shule kila asubuhi na ambaye namba yake iko juu kabisa kwenye simu. Jina halikubadilika hata herufi. Upatanisho ndio unaotuambia kama tunazungumza juu ya chuma au juu ya binadamu.

Na kijiweni lugha haikuishia kwenye jina. Abiria anaitwa kichwa: "leo nimepata vichwa vitatu tu." Mwenye pikipiki anaitwa tajiri, hata kama ni mwalimu wa shule ya msingi aliyekopa ili ainunue. Fedha anayopelekewa kila siku inaitwa hesabu, na hesabu haina mvua wala msiba, jioni inatakiwa. Mwenye bahati anapata mkataba, yaani analipa kidogo kidogo mpaka mwisho wa muda waliokubaliana, kisha pikipiki inakuwa yake. Petroli ni wese. Kubeba abiria wawili au watatu kwa pamoja ni mshikaki, na yeyote aliyewahi kuona familia imepangwa juu ya kiti kimoja, baba, mtoto, mama na mtoto mwingine mgongoni, anaelewa jina hilo limetoka wapi.

Jina bodaboda pia lina machozi. Katika baadhi ya hospitali zetu wodi ya mifupa inaitwa na watu wodi ya bodaboda, na walioipa jina hilo ni wagonjwa na wauguzi, si waandishi. Nimekaa na kijana ambaye mguu wake wa kulia ulikuwa umeshikiliwa na vyuma kwa miezi. Alizungumza zaidi juu ya hesabu aliyokuwa akidaiwa na tajiri kuliko juu ya maumivu. Neno linapozoeleka sana, mtu aliye ndani yake huanza kupotea. Tunasema "bodaboda wamezidi" kama tunasema mvua imezidi. Sipendi kulitumia hivyo, na nawaomba wasomaji wangu tusilitumie hivyo. Tukumbuke ngeli ya mtu: ameharibikiwa, ameumia, amerudi.

Siku hizi wengi wao hujiita maafisa usafirishaji, na viongozi nao huwaita hivyo majukwaani. Naelewa kwa nini. Mtu anayeamka saa kumi usiku, anayejua kila njia ya shamba, anayempeleka mjamzito zahanati wakati gari haliwezi kupita tope la Machi, anastahili cheo. Lakini naamini boda si jina la kuonewa haya. Ni jina la kazi iliyoanzishwa na vijana waliokuta mahali pamefungwa na wakapata njia ya kuvusha watu.

Njia ya panya

Kuna jambo moja zaidi ambalo watu wa mpakani watalifurahia. Kila mkazi wa Tunduma anazijua njia za panya, vile vijia vinavyopita nyuma ya nyumba na katikati ya mashamba, ambavyo havioni geti wala ofisa wa forodha. Redio huzitaja kila mahindi au sukari inapokamatwa. Msemo wenyewe ni mzuri: panya haingii kwa mlango, naye huwa ndani.

Mwaka 2022, Kamusi ya Kiingereza ya Oxford ilipoingiza kundi la maneno kutoka Afrika Mashariki, mojawapo lilikuwa panya route. Wakenya walikuwa wamechukua panya wetu na kumfunga kwenye neno la Kiingereza la njia, na Kiingereza kikampokea. Pamoja naye waliingia nyama choma na kitu kidogo.

Hebu tuliweke jambo hilo mbele yetu. Kiingereza kilituletea neno la mpaka uliowekwa na serikali, tukalitia magurudumu. Sisi tukakipa Kiingereza neno la njia inayoukwepa mpaka huo. Kila upande ulichukua kwa mwenzake kile ambacho wenyeji wa mpakani ndio wenye ujuzi nacho. Wanaolalamika kwamba Kiswahili kinaharibika kwa kuazima waje waishi miezi miwili Tunduma. Watasikia maneno yakivuka kama watu wanavyovuka: yanabadilishwa kidogo, kama shilingi inavyobadilishwa kwa kwacha, kisha yanaingia sokoni na kufanya kazi.

Kuazima kunakodhoofisha lugha ni kule kunakoacha neno lilivyo, bila kulipa upatanisho, bila kulipa mzaha wala machozi yetu. Bodaboda halikuachwa hivyo. Lilipewa silabi zetu, likarudiwa kwa desturi yetu, likapewa ngeli mbili, likazungukwa na vichwa, hesabu na mshikaki. Mwingereza akilisikia leo halitambui. Sisi tukilisikia tunageuza shingo kutazama kama kuna pikipiki inakuja.

Jioni ile nilikuwa bado niko Ruanda. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mibuni, na kijana wa asubuhi alikuwa amerudi kijiweni akihesabu noti, akizitenga mafungu mawili: la tajiri na lake. Nilikuwa nimemsimulia mchana kuhusu Busia na baiskeli zenye mto wa sponji. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja tu: walikuwa wanatoza kiasi gani? Nilishindwa kumjibu. Akasema, "Lazima haikuwatosha." Wenzake wakakubali.

Mwanga ukiwa unakwisha, sauti ikaita kutoka kona ya barabara: "Boda!" Watatu waligeuka. Alikuwa yule mama, safari hii furushi limekuwa dogo, mkononi ameshika mfuko wa dagaa.

"Umerudi mama? Safari ilikuwaje?"

"Njema mwanangu. Dada yangu wa Nakonde hajambo, amejifungua. Hawa dagaa katoa yeye." Akapanda, akaushika mfuko vizuri mapajani. "Twende nyumbani."

Kijana akaziweka noti mfukoni, mafungu mawili mifuko miwili, akawasha taa ya mbele, wakaondoka.